Chumba cha Kukimbilia Siku ya Tufani

Ijumaa ya tarehe 3 Mei mwaka 2024, nilipotoka msikitini baada ya sala ya isha, nilimkuta binti yangu mdogo amekaa kizingitini, begi lake la shule amelipakata. Begi lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu, lakini siku ile Rais alitangaza kwamba hazitafunguliwa mpaka itakapoamriwa vingine, kwa ajili ya mafuriko yaliyokuwa yameitesa nchi kwa wiki nyingi, na kwa ajili ya kimbunga kiitwacho Hidaya kilichokuwa baharini kikielekea pwani ya Afrika Mashariki.

"Baba," akaniuliza, "kimbunga kikija sisi tutakwenda wapi?"

Nilisimama na makubadhi yangu mkononi, nikaanza kuhesabu moyoni. Kwa ami yake? Nyumba ya ami yake imeezekwa bati kama yetu, tena bati jembamba zaidi. Msikitini? Msikiti wetu una dari ya zege, alhamdulillahi, lakini ukumbi wake ni mpana na pande zake tatu ni madirisha ya vioo. Shuleni? Shule nayo ni bati. Nikamwambia, "Mwenyezi Mungu atatuhifadhi, mwanangu, nenda kalale." Jibu hilo ni la kweli na wala silikani. Lakini mtoto aliuliza mahali, nami nilimpa dua. Na usiku ule yeye alilala, mimi sikulala.

Kimbunga hakikutufikia. Kilifika kisiwani Mafia siku ya pili yake, Jumamosi, nguvu zikakiishia, na sisi huku Mombasa tukapata upepo, mvua na bahari iliyochafuka. Jirani yangu alipoteza bati mbili za banda la kuku. Haukupita muda shule zikafunguliwa, na barazani mazungumzo yakarejea kwenye siasa na mpira. Mimi swali la mtoto lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tangu utotoni nimesikia wazee wakisema kwamba pwani yetu Mungu ameiepusha na vimbunga, na hapana budi kusema kuwa wazee hawakusema uongo. Kimbunga huzunguka kwa sababu dunia nayo yazunguka, na ule mzunguko wa dunia unaozipinda pepo mpaka zikaviringana huwa dhaifu mno karibu na ikweta. Ndiyo sababu ni nadra kimbunga kuzaliwa au kupita katika digrii tano za mwanzo, kaskazini au kusini ya mstari huo. Lamu iko kiasi cha digrii mbili, Mombasa iko nne. Tena Bukini, yaani Madagascar, imelala kusini mashariki yetu kama ngao, na mapigo mengi huyapokea yeye kabla hayajafika bara.

Lakini ngao si ukuta. Unguja iko digrii sita tu, na wazee wa huko walirithishana habari za tufani ya tarehe 15 Aprili 1872. Siku ile mikarafuu na minazi ya Unguja ililala chini kama mabua ya mtama baada ya mavuno, na majahazi na meli zilizokuwa bandarini zilivunjikavunjika, zikiwemo meli za Sayyid Barghash mwenyewe. Pemba ilisalimika, na tokea hapo Pemba ndiyo iliyoshika ufalme wa karafuu. Sayyid baadaye aliagiza meli mpya kutoka Uingereza, ile Glasgow ambayo Waingereza haohao waliizamisha katika vita vya mwaka 1896. Lakini hayo ni masimulizi ya siku nyingine. Hapo nyuma ya Unguja kuna Lindi, iliyopigwa na kimbunga mwezi wa Aprili mwaka 1952. Na mwaka 2019, ambao wasomaji wengi wataukumbuka, Idai iliupiga mji wa Beira mwezi wa Machi, na kabla watu hawajamaliza kuzika, mwezi wa Aprili, Kenneth ikapita Ngazija ikaingia Cabo Delgado, ikakiharibu vibaya kisiwa cha Ibo, kwa ndugu zetu wasemao Kimwani. Haikuwa imewahi kuandikwa kwamba Msumbiji imepigwa na vimbunga viwili vikali namna ile katika msimu mmoja. Wataalamu wa hali ya hewa wanasema bahari yetu inazidi kupata joto, na joto la bahari ndicho chakula cha kimbunga.

Basi mimi sisemi kwamba kesho kimbunga kitatua Likoni. Nasema tu kwamba kutoka Unguja mpaka Mombasa, jahazi lililopata kusi nzuri halimalizi siku mbili. Na hata tukiviacha vimbunga vyenye majina, hakuna mwaka unaopita bila ya upepo wa ghafla kuezua nyumba mahali fulani kati ya Vanga na Kiunga, watu wakaamkia kuokota mabati mashambani.

Nilikuwa nikidhani upepo huibomoa nyumba kwa kuisukuma, kama mtu anavyosukuma mkokoteni. Fundi mmoja mwashi, mtu mzima anayeijua kazi yake, ndiye aliyenifahamisha. Upepo unapopita juu ya paa kwa kasi, huwa unalivuta paa lile kwenda juu. Wakati huohuo dirisha moja likivunjika, upepo huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini. Bati likivutwa juu na kusukumwa chini, lililobaki ni msumari tu, na msumari wa inchi tatu hauwezi kushindana na jambo hilo. Paa likishaondoka, kuta ndefu zilizokuwa zimeshikwa vichwani na paa hilo hubaki zimesimama peke yake kama mtu aliyevuliwa kilemba, na kishindo kinachofuata huziangusha juu ya waliolala. Tena kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake haizidi mara mbili bali mara nne. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini upepo wa leo hupeperusha nguo kambani, na wa kesho, ambao masikioni si mkubwa sana kuliko huo, hubeba kamba na nguzo zake.

Maneno ya fundi yakanirejesha Lamu, kwa bibi yangu mzaa mama.

Nilikuwa sijatimiza miaka kumi. Nyumba ya bibi ilikuwa ya mawe, ya kale, yenye daka na kiwanda na misana, na juu ya sakafu ya pili palikuwa na kipaa cha makuti tulichokuwa tukilala siku za joto. Usiku mmoja wa masika upepo ulikuja ghafla. Bibi hakupiga kelele. Alishika koroboi mkono mmoja, mkono mwingine akatusukuma watoto saba mbele yake kama anayeswaga kuku, akisema neno moja tu: "Nyumba kati! Nyumba kati!"

Wasiolelewa katika nyumba za namna hiyo nitawaeleza. Nyumba kati ndicho chumba cha ndani kabisa, nyuma ya misana na nyuma ya chumba cha kulala. Hakina dirisha. Humo ndimo wanawake walimojifungulia, na humo ndimo maiti walimooshewa. Kwa hivyo sisi watoto tulikiogopa chumba kile mchana, sikwambii usiku. Lakini usiku ule tuliingia, bibi akafunga mlango, akaketi akauegemea kwa mgongo, akaanza kusoma nyiradi zake. Tulisikia juu yetu makuti yakichanika na fito zikivunjika kwa mlio kama wa mifupa. Jambo moja nililolishika mpaka leo ni ule ulimi wa moto wa koroboi. Nje dunia ilikuwa inapinduka, na mle ndani ulimi ule haukutikisika.

Asubuhi kipaa chetu kilikuwa kimesambaa mtaa mzima, mpaka ufuoni. Nyumba haikuwa na ufa.

Miaka yote hiyo nilidhani tulisalimika kwa sababu ya nyiradi za bibi, na sasa pia sisemi sivyo. Lakini waliojenga nyumba zile walikuwa na elimu. Kuta zao ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha dhiraa moja. Dari zao zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haina urefu mkubwa, vyumba vilikuwa vyembamba. Sisi wa leo twauona wembamba ule kuwa ni kasoro, twataka ukumbi wa kuchezea mpira. Kumbe wembamba ule ndio nguvu: kuta fupi zilizo karibukaribu huegemeana na kushikana, na juu yake kuna dari nzito ya mawe na chokaa ambayo upepo hauwezi kuifunua. Halafu chumba cha mwisho ndani kimezungukwa na vyumba vingine, hata upepo ukivunja ukuta wa nje unakutana na ukuta wa pili na wa tatu.

Sasa tazameni ajabu. Katika kutafuta jibu la binti yangu nilisoma habari za Wamarekani, ambao katika majimbo yao ya kati, kama Texas, Oklahoma na Kansas, wana balaa la chamchela. Si chamchela hii yetu ya kuinua vumbi na majani makavu. Yao huinua lori. Zamani wakulima wa huko walichimba maandaki nje ya nyumba, wakifunika kwa mlango wa mbao. Lakini onyo la chamchela huja dakika 10 au 15 kabla, pengine haliji kabisa, na mzee au mama mwenye mtoto mchanga hawezi kukata uwanja usiku wa manane, mbao na vioo vikiruka, kulifuata andaki.

Tarehe 11 Mei 1970 chamchela iliupiga mji wa Lubbock, Texas, ikaua watu 26. Wahandisi wa chuo kikuu cha mji huohuo, Texas Tech, walipita katika vifusi kuchunguza ni nini kilichovunjika na kwa nini. Wakaona jambo wasilolitarajia. Mahali pengi nyumba nzima imefagiliwa, lakini katikati ya kifusi kimesimama chumba kimoja kidogo, msala au kabati la nguo, kuta zake fupi zimeshikana. Mmoja wa wahandisi hao, Ernst Kiesling, alipendekeza mwaka 1974 kwamba badala ya kuhangaika kuitia nguvu nyumba yote, jambo ambalo maskini haliwezi na tajiri halitaki, kitiwe nguvu chumba kimoja tu cha ndani, kiwe ndicho cha kukimbilia. Walijaribu kuta zao kwa kuzirushia gogo la mbao la ratili 15 kwa mwendo wa maili 100 kwa saa, kama mbao inavyorushwa na tufani. Ukuta unaopenywa haufai. Mwaka 1998 serikali ya Marekani ikatoa kitabu cha kuwafundisha wenye nyumba namna ya kujenga chumba hicho. Hata hivyo si wote waliojenga. Tarehe 20 Mei 2013 chamchela iliua watu 24 huko Moore, Oklahoma, na saba kati yao walikuwa watoto waliokuwa katika shule ya msingi isiyokuwa na chumba cha hifadhi.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia, "Wamarekani wamegundua nyumba kati."

Si kwamba nawadharau. Wao wameipima kwa gogo na hesabu, sisi hatukuipima, na tulipoanza kujenga kwa matofali membamba tukaiacha bila hata kujua tumeacha nini. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nyumba ninayokaa nilijengewa na mtu aliyechukua fedha za mifuko mingi ya saruji akatia michache, na nilipogonga ukuta wa sebuleni kwa ufunguo, mchanga ulimiminika kama wa saa ya mchanga.

Mtu ataniuliza: kwani lazima iwe nyumbani? Hakuna majumba ya umma? Yapo, na kuna nchi ya Waislamu iliyotufundisha faida yake na upungufu wake. Bangladesh ilipigwa na kimbunga mwezi wa Novemba 1970, bahari ikaingia nchi kavu, na waliokufa wanakisiwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Baada ya hapo walianza kujenga majumba ya zege juu ya nguzo, siku za salama yakiwa shule, siku za tufani yakiwa kimbilio, na vijana wa kujitolea wakipita na vipaza sauti kuwaonya watu. Kazi hiyo imeokoa roho zisizohesabika. Mwaka 1991 kimbunga kingine kiliua kiasi cha watu 138,000, lakini Sidr ya mwaka 2007, nayo kali sana, iliua kiasi cha 3,400. Hiyo ni faida.

Upungufu wake ulionekana mwaka ule wa 1991. Wanawake walikufa wengi kuliko wanaume, na si kwa kupishana kidogo. Wengi walikuwa nyumbani na watoto wakimngoja bwana arudi awape ruhusa. Wengine walichelea kuingia katika jumba moja na wanaume wa kando, bila pazia wala choo cha faragha. Wengine walisombwa na maji wamezongwa na nguo ndefu. Nilisoma habari hiyo nikaifunga kwa muda, kwani niliwaona mama yangu, dada zangu, na mke wangu. Nani kati yetu atasema kwamba wa kwake wangekwenda mbio usiku wa manane kulala ukumbini pamoja na mtaa mzima? Wangesema, "Nyinyi tangulieni na watoto, sisi twaja." Tunalijua neno hilo. Wenyewe Bangladesh walilijua wakalirekebisha, wakatenga vyumba vya wanawake katika majumba yao, na wakawatia wanawake katika hao waonyaji.

Karibu nasi zaidi, tarehe 14 Desemba 2024, kimbunga Chido kiliipiga Mayotte, kisiwa cha Waislamu wenzetu ambao lugha yao ukiisikiliza kwa makini utaokota neno la tatu na la nne. Vibanda vya mabati vilivyofunika milima ya huko vilitoweka. Palikuwa na majumba yaliyofunguliwa watu wakimbilie, lakini iliripotiwa kwamba baadhi ya wageni wasiokuwa na karatasi, wengi wao wakiwa ni kutoka Ngazija, Nzuani na Mwali, waliogopa kwenda kwa kudhani ni mtego wa kukamatwa. Wakabaki chini ya bati. Kwa mtu asiyethubutu kuuingia mlango wake, jumba la umma ni ukuta tu kama kuta nyingine.

Ndipo nikaazimia kujenga. Sina mali, nina mshahara wa mwandishi, na kila mtu anaujua. Nilichokuwa nacho ni stoo ya futi nane kwa sita, kati ya jiko na chumba cha watoto, imejaa magazeti yangu ya zamani. Nilimwita yule fundi mtu mzima. Aliingia, akagonga kuta nne kwa kiganja, akatoka akisema, "Maalim, hizi si kuta, hizi ni pazia. Lakini chumba ni kidogo, na udogo ndio tunaoutaka."

Alizibomoa zile kuta moja moja na kuzijenga upya kwa mawe ya kuchonga ya machimboni. Pembe zote nne akasimamisha nguzo za zege zenye nondo zilizoanzia ndani ya msingi, akazifunga vichwani kwa mkanda wa zege unaozunguka chumba kizima, na juu akamwaga dari ya zege, si bati. Nilimuuliza kwa nini nondo zianzie chini kabisa, akanijibu kwamba chumba kisichoshikwa na msingi ni kama sanduku, hata likiwa zito upepo utalipindua. Mlango ni wa chuma, wenye makomeo matatu, na hufunguka kwa ndani, ili kifusi kikijaa nje tusifungiwe. Matundu ya hewa yako mawili, madogo, yamekingwa. Dirisha hakuna. Paa la nyumba halikushikamana na chumba hicho hata kidogo: likitaka kwenda na liende, lisiondoke na dari yetu.

Ndani mna jeri keni za maji, tochi, redio ya betri, dawa za pumu za mwanangu wa kiume, hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa ndani ya mfuko wa nailoni, viatu vya kila mtu kwa sababu ya vioo na misumari, mikeka miwili, na khanga za kutosha. Msahafu umo. Mke wangu, ambaye mwanzo alikiita chumba hicho kaburi langu, sasa amening'iniza pazia la kukigawa nusu, "jirani akija na wakeze", na kwa siri anaweka humo mchele na nazi. Nimenyamaza. Chumba kinachotumika kila siku hakisahauliki kufagiliwa, na siku ya hatari mlango wake hautakuwa na kutu.

Hapa nitaje jambo ambalo fundi alinisisitizia, na ambalo mwenye kuniiga asilisahau. Chumba hiki ni cha upepo, si cha maji. Mtaa wetu uko juu, mbali na bahari. Aliye ufuoni, aliye kando ya Mto Tana au Sabaki, akijifungia katika chumba cha chini wakati maji yanakuja amejichimbia mwenyewe. Huyo dawa yake ni kuhama mapema kwenda palipoinuka, au kujenga juu ya nguzo kama walivyofanya Bangladesh. Beira mwaka 2019 upepo uliezua mji, lakini mabondeni nje ya mji ni mafuriko yaliyowakuta watu juu ya miti na mapaa.

Kazi ilipokuwa ikiendelea, barazani hapakukosa maneno. Mzee mmoja ninayemheshimu, tuliyesoma naye chuo kimoja, aliniambia mbele ya watu, "Shekhe, unamkimbia nani? Kadari ya Mungu haizuiliwi na saruji." Watu wakacheka. Nikamkumbusha kisa ambacho mwalimu wetu alitusomesha sote wawili, cha yule bedui na ngamia wake, na alivyojibiwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba amfunge kwanza kisha ndiyo ategemee. Nikamkumbusha na Nabii Nuhu, ambaye kuokolewa aliokolewa, lakini misumari ya jahazi aliigongomea mwenyewe. Akatabasamu, akasema mimi mshairi na mshairi hakosi hoja. Kwa kuwa alilitaja shairi, nikamtungia ubeti palepale:

Nyumba si wingi wa vyumba, wala si rangi na dari,
Si pambo la kujipamba, si zulia na johari,
Nyumba ni palipo mwamba, pa kuikimbia shari,
Siku pepo zikivimba, pawe pa kutusitiri.

Alisema kina cha kati ni kizuri, lakini dari ndiyo hasa niliyokuwa nikiimwaga wiki ile, vipi niseme nyumba si dari? Nikakubali kosa. Sikuubadilisha, kwani wenyeji wa baraza walikuwa wamekwisha kuushika.

Mwezi uliopita, usiku, upepo wa kusi uliamka na mvua ya mawimbi. Haikuwa tufani, ilikuwa ni upepo tu wa kawaida wa miezi hiyo, lakini bati la jikoni lilianza kugonga. Nilipoinuka kwenda kulitazama nilikuta mlango wa stoo uko wazi na taa inawaka. Binti yangu alikuwa amelala juu ya mkeka, begi la shule kichwani, na paka pembeni yake. Hakuwa ameniamsha wala kuniuliza. Nilizima taa nikauegesha mlango.

Asubuhi yake, baada ya sala, yule mzee alikuja hodi. Hakutaka kahawa. Aliomba tu kutazama. Aliingia stoo, akajaribu mlango, akaupima unene wa ukuta kwa shibiri, mara ya kwanza na mara ya pili, kisha akaniuliza fundi wangu anakaa mtaa gani.